Punje Nyuma ya Sikio

Asubuhi hiyo zamu ya maji ilikuwa ya nyumba ya Bibi Namsifu, na wa kwanza kuusikia mwito alikuwa mtoto wa miezi tisa.

Mwito ulishuka kutoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo la mawe na udongo ambamo watu wa Mlangiro, huko juu milimani Upare, huyalaza maji ya kijito na kuyafungulia kukipambazuka. Sheria ya ndiva ni kongwe kuliko bomba, kongwe kuliko simu, kongwe kuliko zile ndege ndogo zisizo na rubani zinazopita kila Jumanne kupiga picha matuta ya tangawizi. Mfunguzi wa zamu husimama juu ya ukuta akaita kwa Kipare: "Wa kwa Mchome, mpo?" Wenye shamba huitika: "Tupo, lete maji." Naye humalizia: "Yanakuja." Yakitimia hayo matatu, ndipo gogo linaloziba ndiva huchomolewa. Usipoitika, zamu yako inahamia kwa jirani, nawe utangoja siku nane. Vijana walikwisha kupeleka hoja ya kutumia kengele ya simu mara mbili, na mara mbili kamati ikaikataa. Simu, walisema, inaweza kuitika na mwenyewe bado amelala.

Ombeni alikuwa amekaa juu ya gunia mlangoni pa jiko, mwiko mdogo mdomoni, mate yakimchuruzika mpaka kifuani. Mwito ulipofika, mwiko ukaanguka. Akageuza kichwa kuelekea mlimani, akanyoosha kidole chenye uji, akasema, "Ba-ba-ba-po!"

"Haya, umemsikia mke mwenzangu?" Bibi Namsifu akacheka, maana wajukuu wake wa kike aliwaita wake wenza, kama mabibi wote wafanyavyo. "Anaitika kabla yangu. Kesho atanifukuza nyumbani huyu." Akasimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akajaza pumzi kifuani na kuitika kwa sauti iliyovuka bonde lote. Yanakuja, yakajibu mawe ya juu. Baada ya muda mfupi mfereji ukaanza kunong'ona.

Kando yake, dada yake Ombeni, Raheli wa miaka tisa, alikuwa akiosha tangawizi kwenye beseni. Hakuinua kichwa mwito ulipopita. Si ukaidi. Hakuusikia kama mwito. Nyuma ya sikio lake la kulia, chini ya ngozi, palikuwa na kivimbe kama punje ya mtama, na Kipare kikifika kwenye punje ile hugeuka kuwa kitu kama mvua juu ya bati. Ndivyo mwenyewe alivyowahi kueleza. Unajua inanyesha, lakini huwezi kusema inanyesha nini.

Miaka miwili nyuma Bibi Namsifu aliitwa msibani, akamwachia Raheli zamu. Mfunguzi akaita mara tatu. Mtoto yupo, amesimama hapo hapo kwenye mfereji na jembe mkononi, masikio ameyatega mpaka machozi yanamtoka, na zamu ikapita. Matuta mawili ya tangawizi yalinyauka. Bibi aliporudi alimkuta Raheli akilia kwa lugha tatu.

Sasa ilikuwa Jumatano. Ijumaa Ombeni angetimiza miezi kumi, na watoto wote hupandwa punje kabla ya siku hiyo.

*

Nesi Kabula alifika saa nne, jasho likimtiririka kwa ule mwinuko wa kwa Mchome, mkoba begani, kisanduku cheupe kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, nesi. Karibu sana. Ila hicho kisanduku kiache nje."

"Kikiachwa juani kinaharibika."

"Ndiyo maana nikasema nje."

Nesi Kabula alicheka, akakaa kwenye kigoda, akakiweka kisanduku miguuni pake kivulini. Alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mwanamke mrefu mwenye mwanya. Alikuja Mlangiro akiwa na miaka thelathini na minne, bila kujua neno moja la Kipare, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wakati punje zinaanza, yeye hakuwa nayo. Mwaka wa kwanza wagonjwa walikuwa wakienda zahanati hata bila kuumwa, kumsikiliza tu anavyokosea. Mara moja alimwamuru mzee mzima avue meno badala ya koti. Sasa, mwaka wa kumi na moja, alikuwa akigombana sokoni kwa Kipare, ingawa bado ukimsikia ukiwa mbali unajua huyu ng'ombe wa kwao walikuwa wengi.

Akatoa kishikwambi, akamwekea Ombeni mbele. Kwenye kioo ukatokea mpira, kiatu na ndizi. Sauti tamu ya mwanamke ikauliza kwa Kiswahili mpira uko wapi, ikauliza kwa Kiingereza, ikauliza kwa Kichina. Ombeni alikitazama kile kitu kwa heshima, kisha akakilamba pembeni.

LUGHA: SIFURI, kikaandika.

"Ngoja," akasema Bibi Namsifu. Akainama, akamwambia mtoto kwa Kipare, taratibu, kwamba mgeni amechoka na njia, ampe mwiko wake aushike kidogo. Ombeni akafikiri. Akautoa mwiko mdomoni, akautazama kwa huzuni, akamnyooshea nesi.

Kishikwambi kikalia tiii. KELELE ZA MAZINGIRA ZIMEGUNDULIKA. TAFADHALI HAMIA MAHALI TULIVU.

Wanawake wawili wakatazamana.

"Kelele," akasema Bibi Namsifu. "Mimi na mama yangu na mama wa mama yangu. Kelele za mazingira."

"Bibi, hicho ni chombo tu. Hakina adabu." Nesi akaupokea mwiko wenye mate, akaushika kwa mikono miwili kama alivyopewa. "Nisikilize. Nimekwisha kukueleza, nitakueleza tena. Mtoto anazaliwa na milango yote wazi. Umletee Kipare, Kisukuma, Kichina, sauti zote anazipambanua, hata zile wewe na mimi hatuzisikii. Mwezi wa sita, wa saba, anaanza kuangalia mlango upi unapitwa na watu. Wa kumi, ule usiopitwa anaurudishia. Punje inaingia kabla hajarudishia. Inasimama mlangoni, inasema ya hapa na ya hapa na ya hapa, mengine kelele. Ukichelewa, udongo umeshakauka. Punje haioti tena. Si mwaka huu wala mwakani."

"Na ikiota haing'oki."

"Haing'oki."

"Basi usiipande."

"Bibi, shule haipokei mtoto asiyepandwa! Darasa la kwanza mwalimu hafundishi kusoma, anaanza na mashine, kwa Kiingereza, watoto wamekwisha kuwa na maneno elfu kumi kichwani. Kaka yangu ana mtoto kule kwetu. Gari la punje lilikwama mtoni siku tano, akapitwa. Ana miaka minane sasa. Wenzake wakiingia darasani yeye anakaa nje chini ya dirisha, anachora ng'ombe mchangani. Si mjinga yule. Hana tu pa kukaa. Ndiyo maana nimekuja leo na si Ijumaa. Nisikwamie mtoni."

Bibi Namsifu aliokota ganda la tangawizi sakafuni, akalinusa, akalitupa jikoni. Kisha akasema, kwa upole wa mtu aliyeficha karata, "Hutaweza leo. Wala Ijumaa. Shauri liko barazani."

"Shauri gani?"

"Nimefungua kesi Jumatatu. Baraza la kata. Nimewashtaki watu wa punje kwa habari ya Raheli. Kurasa nne, kwa mkono wangu. Na kanuni ya baraza inasema jambo lenye shauri haliguswi kwa nyumba ile ile mpaka lisikilizwe. Linasikilizwa Alhamisi ya wiki mbili zijazo."

Nesi Kabula alihesabu kwa vidole. Wiki mbili. Miezi kumi na siku kumi na tatu. Akapiga makofi ya mshangao. "Nyie Wapare! Mtu anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku!"

"Na ng'ombe wakiisha tunakata rufaa."

Walicheka wote wawili, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini nesi aliacha kucheka kwanza. Akamrudishia Ombeni mwiko wake.

"Eliwaza anajua?"

Eliwaza alikuwa binti wa Bibi Namsifu, mama wa watoto hawa, aliyekuwa Singida pamoja na mumewe wakipanda milingoti na kutengeneza mapanga ya mitambo ya upepo. Alirudi kazini likizo ya uzazi ilipokwisha, akamwachia mama yake mtoto, mbuzi wa maziwa, na karatasi yenye tarehe ya punje iliyobandikwa ukutani.

"Ana kazi nyingi," akasema Bibi Namsifu.

"Kwa hiyo hajui. Anafikiri Ijumaa mtoto anapandwa, na wewe utamwambia siku ya kumi na tatu kwamba muda umepita." Nesi akasimama, akachukua kisanduku chake. Sauti yake haikuwa na hasira. "Bibi yangu, nakuuliza kama mtu aliyefundishwa Kipare na wewe. Unamtaka huyu mtoto, au unataka mtu wa kuongea naye?"

*

Swali lile lilikaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Alasiri bibi na mjukuu walikaa kwenye ukingo wa tuta la juu, Ombeni akiwa amelala mgongoni mwa bibi. Raheli alikuwa ameweka kiganja chake kooni mwa Bibi Namsifu, macho ameyakaza mdomoni. Ndivyo walivyokuwa wakisoma tangu Pasaka. Kwa kuwa sikio limezibwa, walipita mlango wa mkono. Bibi husema neno, Raheli hulisikia linavyotetemeka chini ya vidole, linapopanda na linaposhuka, halafu hujaribu kulitetemesha kooni mwake mwenyewe. Miezi mitatu, sentensi moja. Tupo, lete maji.

"Tena," akasema Raheli.

Bibi akasema tena. Raheli akarudia. Ilitoka kama kiti kinachoburutwa.

Zamani, wakati Raheli angali mchanga, Bibi Namsifu alisubiri kwa hamu ule wakati wa ba-ba na da-da, wa kuita mbuzi "bubu" na kuita kila mwanamume baba. Haukuja. Kwa mtoto aliyepandwa hauji. Raheli alikaa kimya mpaka miezi kumi na minne, kisha asubuhi moja akasimama, akashika pindo la kitenge cha bibi yake, akasema wazi kama mtangazaji wa habari, "Naomba maji ya kunywa, tafadhali." Majirani walipiga vigelegele. Bibi Namsifu alimpa maji, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kinu.

Hata siku moja mtoto yule hakuwahi kukosea neno. Mpaka Pasaka hii. Alipokosea Kipare mara ya kwanza alishika mdomo kwa mikono yote miwili, akatazama huku na huku kama aliyevunja sahani.

"Bibi."

"Naam, mke mwenza."

"Wewe Kiswahili ulikipata wapi?"

"Darasani. Ukisema Kipare unavikwa kibao shingoni, kimeandikwa mimi mjinga. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akikosea, umvike yeye. Basi tulikuwa tunaviziana kama paka." Akajikuna shingo, pale kamba ilipokuwa ikikaa. "Lakini jioni kibao kinabaki shuleni. Nikifika mfereji ule pale, mama yangu ananiita, naitika."

"Mimi changu hakibaki shuleni," akasema Raheli, akagusa nyuma ya sikio.

Bibi Namsifu aling'oa gugu kwenye tuta, akalitupa.

"Halafu kuna kitu," mtoto akaendelea, bila kumtazama. "Mimi unaniambia kwa Kiswahili. Unaniambia kula, oga, funga mlango, umeona ndoo? Ombeni unamwambia kwa Kipare. Unamwambia mpaka uji wake unapoa. Unacheka katikati, yeye anacheka. Huwa unamwambia nini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema ni hadithi za sungura tu, au ni kumwimbia. Yote yangekuwa kweli. Lakini Bibi Namsifu aliona, kama mtu anavyoona ufa katika chungu alichokipikia miaka tisa, kwamba Kiswahili chake ni cha darasani. Kilimtosha kuandika kurasa nne za kesi. Hakikumtosha kumbembeleza mtoto. Raheli alilelewa kwa amri zilizo sanifu.

"Namwambia mambo yasiyo na maana," akasema mwisho. "Kwamba masikio yake ni ya babu yake. Kwamba akikua tutaiba asali. Mambo hayo."

"Mimi ulinipandia nini?"

"Waliniambia utapata lugha tatu."

"Nimezipata."

"Hawakuniambia watachukua moja."

Raheli alifikiri. Chini kwenye bonde mbwa alibweka mara mbili. "Na Ombeni umemuuliza mama?"

Hapo swali la nesi likarudi na kukaa katikati yao. Mara ya kwanza, Bibi Namsifu alijiambia, nilitia saini sijui ninachokisaini. Mara hii najua, na ninaficha. Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Na je, yule mtoto wa Shinyanga anayechora ng'ombe mchangani, sababu nzuri ya bibi ingemsaidia nini? Sababu zote za bibi ni nzuri.

Akainuka, magoti yakalia, akamweka Ombeni sawa mgongoni.

"Nipe simu," akasema. "Kwanza mama yako. Halafu Mwalimu Kajiru wa baraza. Nitamwomba alisikilize shauri kesho."

"Kesho ni kabla ya Ijumaa. Si utashindwa?"

"Nikishinda kwa kujificha, mke mwenzangu, nitakuwa nimeshinda nini?"

*

Baraza la kata lilikaa Alhamisi saa tatu katika ofisi yenye madawati ya shule iliyovunjwa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kajiru, mstaafu, miwani mbili, moja usoni na nyingine kipajini. Watu walijaa mpaka madirishani. Kesi Upare haikosi watazamaji, hata iwe ya kisahani.

Ukutani, kwenye kioo kikubwa, alikuwa Eliwaza. Alivaa kofia ngumu ya njano, na nyuma yake upepo wa Singida ulikuwa ukivuma mpaka maneno yake mengine yanang'oka.

"Mama, ungeniambia," alisema kabla hata ya salamu. "Jana ndiyo unaniambia. Jana!"

"Nilikosea, mwanangu. Nakiri mbele ya watu. Ndiyo maana tuko hapa leo na si wiki mbili zijazo."

Watazamaji wakaguna. Mpare akikiri kosa barazani huwa ana karatasi mkobani.

Alikuwa nayo. Ilitoka ndani ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne, ina harufu ya chai na miaka tisa. Ni ile aliyotia saini siku Raheli alipopandwa. Akamkabidhi Mwalimu Kajiru, akamwomba asome mstari wa tatu kwa sauti.

Mwalimu akashusha miwani ya kipajini. "'Mtoto ataongezewa lugha tatu.'"

"Ataongezewa. Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha hesabu. Nina chungwa moja mfukoni. Unanipa matatu, unalichukua lile langu. Umeniongezea mangapi?"

"Mawili," akasema Mwalimu, kisha akakohoa, maana mwenyekiti hatakiwi kujibu.

"Na lile moja lilikuwa la mti wa mama yangu. Basi mimi nadai mambo mawili. Kwanza iandikwe kwamba sikuambiwa. Pili, huyu mgongoni kwangu asiguswe, ila mama yake aamue akiwa amekwisha kuambiwa yote. Yote, nesi. Hata yanayonishinda mimi."

Nesi Kabula akasimama. Hakuficha kitu. Alieleza milango, alieleza udongo unavyokauka. Alieleza habari ya mtoto wa kaka yake chini ya dirisha. Akasema, "Eliwaza, mimi nimejifunza Kipare ukubwani. Inawezekana. Lakini ilinichukua miaka kumi na moja na bado mnanicheka. Mtoto huyu akiikosa punje, atazijifunza lugha za kazi kama mimi, kwa jasho, na wenzake watakuwa mbele. Sikufichi. Na akiipata, hatamsikia bibi yake kamwe. Hilo nalo sikufichi, ingawa kazini wananiambia nisiliseme."

Upepo ukavuma Singida. Eliwaza aliinamisha kofia. Alipoinua uso alikuwa anamtazama mtoto mwingine, yule aliyekaa dawati la mbele, magoti pamoja.

"Raheli. Wewe ndiye unayejua. Ukiwa wewe ndiye mama yake Ombeni, ungefanyaje?"

Watu wote wakamgeukia. Raheli alisimama. Alikuwa na lugha tatu za kumjibia mama yake, kila moja imenyooka kama barabara ya lami, na katika zote tatu angeweza kutoa hotuba ambayo hata diwani angeiazima. Akafungua mdomo kwa Kiswahili, akaufunga. Kisha akaweka kiganja kooni mwake mwenyewe, akafumba macho, akasema kwa Kipare:

"Tupo, lete maji."

Ilipanda inapotakiwa kushuka. Katikati ilikwaruza. Dirishani mzee mmoja akapasuka kwa kicheko: "Huyo maji yake atayapata mwakani!" na ofisi nzima ikacheka naye, maana hakuna aliyetegemea, na maana ilikuwa mbaya kweli.

Masikio ya Raheli yaliwaka. Bibi Namsifu alitaka kuinuka amshike. Hakuinuka. Alikaa juu ya mikono yake.

Raheli hakukaa. Alifumbua macho, akamtazama yule mzee wa dirishani, akasubiri mpaka kicheko kiishe, kama mtu anayesubiri ng'ombe wavuke barabara. Akakaza kiganja kooni. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa makosa yale yale.

"Tupo. Lete maji!"

Hapo Ombeni, mgongoni, alijitokeza juu ya bega la bibi, akanyoosha kidole kwa dada yake. "Po!" akasema.

Safari hii hawakucheka.

Kwenye kioo, Eliwaza alikuwa amevua kofia. Kwa miaka kumi, kila asubuhi ya zamu kabla ya kwenda shule, alikuwa akisimama juu ya tuta lile lile akiitikia mwito ule ule. Tangu amzae Raheli hakuwahi kusikia neno la Kipare kutoka kinywani mwake, na alikwisha kuzoea, kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Midomo yake ilicheza. Kisha, katikati ya upepo, akajibu kama mfunguzi anavyojibu:

"Yanakuja."

Raheli alisikia mvua juu ya bati. Lakini aliuona mdomo wa mama yake, na mdomo ule alikuwa ameusoma miezi mitatu usoni kwa bibi, kila bibi alipomalizia somo kwa neno la mfunguzi. Akaujua.

Eliwaza akapangusa uso kwa mgongo wa glovu. "Mwalimu, andika," akasema kwa Kiswahili. "Nimeelezwa yote. Mtoto wangu Ombeni asipandwe."

"Hakuna kurudi, Eliwaza," akasema Nesi Kabula taratibu. "Siyo mwakani, siyo..."

"Najua, nesi. Nimekusikia. Na mama, usifikiri nimekusamehe ile ya kunificha. Tutaongea nikija."

"Uje na nguvu," akasema Bibi Namsifu. "Nami nitakuwa nimejiandaa."

Mwalimu Kajiru aliandika polepole, akinyoosha kila herufi. Alipofika mwisho akainua kalamu. "Mama Mchome, baraza hili halina uwezo juu ya shule. Miaka sita ijayo atafika mlangoni pao bila punje. Wakimkataa?"

Bibi Namsifu alisimama, akajitikisa ili Ombeni akae vizuri. Alikuwa mfupi, kichwa chake hakikuzidi kabati la mafaili. "Miaka sita, Mwalimu. Kipare atakipata kwangu. Kiswahili, Kiingereza na hicho cha Wachina atavipata kwa dada yake, huko uani, kwa kugombania vijiko, kama watoto walivyovipata tangu dunia iumbwe. Atachelewa? Achelewe. Atakosea? Akosee mpaka achoke, haki yake. Na wakimfungia mlango, nitakuja hapa na kurasa nane. Yule mtoto wa Shinyanga naye nitamwandika humo humo, nesi atanipa jina lake."

Nesi Kabula alikuwa akijaza fomu yake ya kukataa punje. Hakuinua kichwa. "Masanja," akasema. "Anaitwa Masanja."

"Masanja. Sasa, Mwalimu, nakala yangu. Na mhuri. Upige wote, usiwe nusu."

Mwalimu akaupuliza mhuri, akaupiga, akautazama, akaupiga tena. Bibi Namsifu akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye kopo la majani ya chai pamoja na ile ya miaka tisa, akafunga kifuniko kwa kiganja.

Nje jua lilikuwa kali na njia ya kwa Mchome ilipanda moja kwa moja. Walitembea mpaka kwenye daraja la mfereji. Hapo Raheli akasimama.

"Bibi, zamu yetu nyingine ni lini?"

"Jana tulikuwa na maji. Siku nane, hesabu."

"Naomba niitike mimi."

"Utaitika wewe."

Raheli alitazama juu kwenye ukuta wa ndiva, mbali, mawe yake yakimeta. "Watanicheka tena."

Bibi Namsifu alimshika mkono, wakaanza kupanda.

"Watacheka," alisema. "Halafu watafungua maji."